Kuvua kwenye barafu Minnesota: kagua ndoo kwanza, samaki baadaye

Kamwene ndugu zangu. Niko likizo Mafinga, ni Julai, asubuhi sakitu imetanda kwenye bustani ya mama na kila nikikaa jikoni kuota moto watu wanataka stori moja tu, ile ya kutoboa ziwa na kukaa juu yake. Hao stori nawapa bure. Huu mwongozo ni wenu mnaoishi kule Minnesota, Marekani, hasa mliofika juzi, ambao mfanyakazi mwenzako akisema Jumamosi twende tukavue unajibu ndio kabla hujauliza chochote. Nendeni, ni raha kweli. Ila kwanza nisikilizeni habari ya ndoo, maana mimi kilichonifikisha mahakamani ni ndoo ya maji, sio samaki.

Ilikuwa hivi. Januari, ziwani, mimi na binamu yangu wa Uyole na jamaa mmoja mwenyeji tunayefanya naye kazi. Dukani tulinunua vidagaa hai vya chambo, muuzaji akavitia kwenye ndoo yenye maji, akachukua hela, akatutakia siku njema, basi. Kufika juu ya barafu maji ya ndoo yakaanza kuganda kwahiyo tukawa tunachota mengine pale shimoni. Mpaka saa sita mchana samaki wamegoma kabisa, mshipi unaganda ukitoka tu majini, keekee ya kutobolea imeng'ang'ania barafu, binamu amechovya glavu na vidole havikunji. Mwenyeji akasema tuhamie kwenye vijito vya kusini mashariki, huko maji hayagandi na samaki aina ya trauti wanashika. Tukapakia kila kitu na ndoo yetu nyuma ya gari, mwendo kama wa Mafinga mpaka Makambako. Kwenye maegesho ya kijitoni bwana samaki huyu hapa.

Sasa shika hili: maji ya ziwa hayasafiri. Kule Minnesota ukiondoka kwenye ziwa au mto wowote unamwaga maji yake yote palepale kabla gari halijatembea, ya ndoo, ya boti, ya sanduku la samaki. Ukitaka chambo chako kibaki hai unabadilisha na maji ya bomba au ya chupa, kwahiyo galoni ya maji utoke nayo nyumbani. Samaki uliopata wanasafiri kwenye barafu, sio kwenye maji ya ziwa. Narudia kwa sababu najua utasahau: MWAGA MAJI KABLA YA KUONDOKA. Haijalishi ni kidogo, haijalishi unahama ziwa moja kwenda la jirani. Wanachoogopa ni viumbe vigeni, hasa kome wadogo wenye milia, ambao wakiwa wachanga huwaoni kwa macho na lita moja tu ya maji inaweza kuwabeba. Hapo siwalaumu, sisi wenyewe gugu maji lilivyoitesa Ziwa Victoria tunajua. Lawama yangu ni kwamba anayekuuzia ndoo hakwambii, anayekukamata ndio anakwambia.

Na ndoo ilikuwa mlango tu. Bwana samaki wa kule usimfikirie kama wa halmashauri anayekuja na kitabu cha risiti. Yule ni askari kamili, ana bastola kiunoni, na akikukuta unavua ana haki ya kuomba leseni na kuangalia samaki wako. Akaomba leseni, tukatoa. Akauliza stempu ya trauti. Stempu gani tena? Ndio hapo watu wetu wanapokwama, maana nyumbani ukishakata leseni umemaliza, unajua una leseni ya uvuvi nukta. Kule leseni ni mwanzo tu, sheria yenyewe inakaa kwenye maji. Ukiwa juu ya barafu ziwani unaruhusiwa mishipi miwili, ukisogea kwenye maji yaliyo wazi ni mmoja. Kijito kikishaandikishwa kuwa cha trauti, mtu mzima anahitaji ile stempu, yaani kibali cha nyongeza juu ya leseni, hata kama hajapata kitu, hata kama ndio kwanza anafunga ndoano. Na vile vijito vya kusini mashariki wakati wa baridi, kuanzia Januari, ni kukamata na kuachia, huondoki na trauti hata mmoja. Kwahiyo kwa siku moja, kwa leseni ileile, ulikuwa raia mwema asubuhi na mchana umekuwa mhalifu na hujabadilisha hata soksi.

Binamu yangu, Mungu amsaidie, akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Kaka, muulize kama tunaweza kuyamaliza hapahapa." Ndugu zangu mnaokuja kututembelea, nawapenda, lakini hiyo sentensi iacheni airport. Kule hakuna kuyamaliza hapahapa. Ukitoa noti umehama kutoka kosa la ndoo kwenda kosa la rushwa, na hilo halina stempu. Na wewe shangazi uliyenipigia WhatsApp ukasema si ungemwambia tu wewe mgeni, mama, nimekaa kule miaka, leseni yenyewe niliikata kama mkazi, ningemwambiaje mimi mgeni?

Mtego mkubwa kuliko wote unakuja baadaye ukiwa umekaa nyumbani na karatasi yako mezani. Hiyo karatasi ya kosa, tiketi, ina maelekezo ya kulipa, unaingia mtandaoni, unaweka kadi, dakika mbili imeisha. USILIPE HARAKA. Kule kulipa faini ni kukiri kosa. Sio kama unafunga mjadala, unaandikwa umetiwa hatiani. Kwa mzaliwa wa kule hiyo ni kero ya pesa tu. Kwako wewe ambaye kesho unajaza fomu N-400 ya kuomba uraia, kuna swali linauliza kama umewahi kukamatwa au kupewa tiketi na afisa wa usalama, na yule bwana samaki, nimeshasema, ni askari. Wengi wanaandika hapana, wanajua hiyo ni ya samaki bwana nani ataiona. Wataiona. Tiketi ya samaki peke yake mara nyingi haimnyimi mtu uraia, kinachomponza mtu ni kuonekana ameficha. Andika ndio, eleza kwa ufupi, ambatanisha.

Kwahiyo ukipewa: soma tarehe ya mwisho, piga simu mahakamani kabla haijapita uombe kusikilizwa, omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, usione aibu eti Kiingereza changu kinatosha, Kiingereza cha kazini sio cha mahakamani. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali chochote. Kesi ikiisha chukua nakala ya uamuzi yenye muhuri wa mahakama, tena chukua mbili, hiyo ndio utaambatanisha kwenye fomu hata miaka ikipita. Mimi ilinigharimu siku ya kazi, na nakala zangu ziko kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa.

Mengine kwa haraka. Leseni unakata mtandaoni au dukani, bei ya mkazi ni nafuu na ukazi ni siku 60 mfululizo. Mgeni aliyekuja kukusalimia anakata ya wasio wakazi, ipo hata ya saa 24, na akishika fimbo "akushikie tu" anahesabika anavua. Ukikata minofu ya wolai (walleye, samaki wa kule) safarini acha kipande cha ngozi chenye magamba ili samaki atambulike.

Barafu nayo ina kanuni zake. Ile safi inayong'aa, sentimita 10 ndio unatembea kwa miguu, nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni nusu tu, hiyo unataka mara mbili. Ukiona magari yamepaki katikati ya ziwa usijue basi kote salama, karibu na mto unapoingia au chemchemi inakuwa nyembamba. Vaa shingoni vile vichokoo viwili vya chuma vyenye ncha kali, vya kuchoma barafu ujivute. Ukizama geuka ulikotokea, ndiko barafu ilikubeba, choma vichokoo, piga miguu, ukitoka bingiria usisimame. Kwenye kijito maji hayagandi kwa sababu yanatoka chini kwenye mawe ya chokaa yakiwa kama nyuzi 9, ila kingo zina barafu inayoning'inia na ndipo binamu alipokanyaga, suruali ya mpira ikajaa maji mpaka kifuani, funga mkanda kiunoni juu yake. Na hita ndani ya kibanda cha barafu acha upenyo wa hewa. Wa Makete na Njombe sina haja ya kuwaeleza jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa limefanya nini kwa watu.

Wale watu mimi bado wananishangaza. Kiangazi jirani hakusalimii, baridi mkikutana juu ya ziwa anakuita kibandani kwake chenye kitanda na televisheni, anakumiminia supu, anakuonyesha picha za wajukuu. Huyohuyo akiona umezidisha mshipi anapiga namba ya kuripoti wavuvi haramu, ipo ya jimbo zima, na kesho anakusalimia vilevile bila kinyongo. Sisi tungemwambia mtu kwanza, bwana mwaga hayo maji. Wao wanaamini karatasi itakwambia. Mimi naona ya kwetu ina utu zaidi, ingawa vijito vyao vina samaki na vya kwetu vingi tumevimaliza kwa nyavu za macho madogo, kwahiyo sibishani sana.

Baba mdogo ameshaniagiza nije na wolai mkavu mwakani. Nimemwambia hapana, kama ni trauti wapo hapahapa Mufindi, aombe ruhusa kwa wenye bwawa.