Karantini ya Ng'ombe Ikiingia Kijijini: Jinsi ya Kubishana na Ofisi kwa Karatasi

Ng'ombe wangu Nyota alikataa majani ya nepia siku ya Jumapili. Alisimama tu, mate yananing'inia kama uzi, anachapa midomo kama mtoto aliyeonja limau. Jumatatu akaanza kuukung'uta mguu wa nyuma. Alhamisi ilani ya karantini ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa chifu: ugonjwa wa miguu na midomo, hakuna ng'ombe, mbuzi, kondoo wala nguruwe kutoka au kuingia, mnada umefungwa.

Mimi ni mfugaji wa Barut, upande wa ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Zamani nilikuwa karani, ndiyo maana kila mtu akiwa na shida na ofisi hunijia na karatasi tupu na kalamu. Karantini ile ilikaa kwetu siku 47. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa aibu.

Kwanza kabisa, ripoti wewe kabla hujaripotiwa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa amtenge na kupiga ripoti bila kuchelewa. Mimi nilingoja siku tatu nikimpaka Nyota chumvi ulimini, na kila nilipofungua mdomo ofisini siku hizo tatu zilirudishwa usoni mwangu. Nunua daftari la shilingi chache. Andika tarehe, jina la ng'ombe, ulichoona, uliyempigia simu na saa ngapi. Usiandike "ng'ombe anaumwa". Andika "malengelenge ulimini na kwenye chuchu mbili, anachechemea, maziwa yameshuka kutoka lita 11 hadi 3".

Sasa nije kwenye sampuli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ugomvi wote unapokatwa.

Kwenye baraza la kwanza sote tulipiga kelele moja: ni nyati! Mbuga ina kilomita za mraba 188 na imezungushiwa ua, lakini nani kati yetu hajawahi kuona ua umelala chini? Tena watu wa huku wana sababu ya kuogopa. Mwaka 2015 nyati walikufa kwa kimeta humo ndani, na harufu tuliisikia. Basi tukataka shirika la wanyamapori lilipe na karantini iondolewe, maana kosa si letu. Daktari wa mifugo, kijana mpole, alituacha tumalize kisha akauliza, "Wazee wangu, mnajua ni aina gani?"

Hatukujua. Ugonjwa huu una virusi vya aina kadhaa. Zinazotusumbua Kenya ni O, A, SAT 1 na SAT 2 (SAT ni kifupi cha Kiingereza cha maeneo ya kusini mwa Afrika). Nyati hubeba hizo SAT, na anaweza kukaa nazo miaka bila kuonekana mgonjwa. Aina O kwa kawaida hutembea na ng'ombe wenyewe, sokoni, kwenye lori, kwenye malisho. Kumwangalia ng'ombe mdomoni hakukuambii ni ipi, kwa sababu malengelenge ni yale yale. Chanjo ya aina moja pia haikukingi na nyingine, kwa hiyo jirani aliyechanja na ng'ombe wake akaugua si lazima awe ametapeliwa.

Kwa hiyo ombi lako la kwanza liwe sampuli, na liwe mapema. Daktari huchukua ngozi ya lengelenge bichi, hasa la ulimini, akaitia kwenye dawa ya kuihifadhi na kuiweka penye baridi hadi ifike maabara ya Embakasi, Nairobi. Lengelenge likishapasuka na kuanza kupona, nafasi imepita. Mwonyeshe ng'ombe aliyeugua jana. Huyo wa wiki iliyopita mwache. Andika namba ya sampuli daftarini huku daktari akiona.

Mpwa wangu yuko Texas, Marekani, na huko wafugaji wa kulungu wamevutana na serikali yao miaka mingi kuhusu ugonjwa unaokula ubongo wa kulungu, uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Hauna chanjo wala tiba. Kipimo kinachoaminika zaidi huchukuliwa kwa mnyama aliyekwisha kufa, kwa hiyo mtu anabishania kundi lililochinjwa. Aliponisimulia niliangalia ulimi wa Nyota kwa heshima mpya. Sisi kipande cha ngozi kinatosha, na ng'ombe anabaki hai.

Baada ya sampuli, barua. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi. Wengi huandika kurasa tatu za machozi. Mimi naandika hivi:

"Kwa Daktari wa Mifugo wa Kaunti Ndogo. Kuh: Karantini ya Barut. Sisi wafugaji 23 tuliotia sahihi hapa chini tunaomba utujulishe kwa maandishi: (1) karantini imewekwa lini na mipaka yake ni ipi, (2) sampuli ngapi zimechukuliwa, na majibu yake, (3) masharti gani yakitimia itaondolewa, (4) chanjo itafanywa lini. Tunaambatisha orodha ya ng'ombe wagonjwa kwa tarehe."

Hakuna tusi wala "serikali imetutupa". Chapa nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia sukari. Yule karani wa mapokezi akikwambia "weka tu hapo mzee", kaa kwenye benchi. Mimi nilikaa mpaka saa nane mchana.

Usiombe karantini iondolewe. Hilo hawawezi kukupa na wewe unajua. Omba kitu kidogo kinachoweza kukubaliwa. Sisi kilichotuua ni maziwa, maana gari la ushirika lilikataa kuingia kijijini na watu wenye ng'ombe wazima walikuwa wanamwaga. Tukapeleka pendekezo: maziwa ya boma lenye ugonjwa yasitoke, ya maboma mazima yakusanywe barabarani nje ya mpaka, mitungi ioshwe pande zote, na kila anayevuka akanyage beseni la dawa. Virusi hivi haviwezi makali ya magadi wala ya siki. Soda ya kufulia, sodiamu kaboneti, gramu 400 kwa lita 10 za maji, inatosha kwa mabeseni ya njia moja, ibadilishe ikichafuka. Bodaboda ndio walikuwa shida, kwani hakuna anayependa kushuka kwenye pikipiki. Vijana wetu wawili walisimama pale kila alfajiri. Siku ya tano tukaruhusiwa.

Ukikaa bila jibu, panda ngazi: mkurugenzi wa mifugo wa kaunti, kisha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kule Kabete. Ukiomba taarifa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo. Mahakamani sijawahi kufika, na ng'ombe saba hawalipi wakili.

Kuhusu fidia ya wanyamapori, nitasema kwa ufupi. Sheria ya 2013 ina kamati ya kaunti ya kupokea madai, na ukienda na picha ya ng'ombe aliyeraruliwa utasikilizwa. Sisi tulikwenda na ng'ombe mwenye virusi, fomu ikarudi na alama ya kuuliza.

Majibu ya maabara yalifika wiki ya nne: aina O. Chifu alinipa karatasi nisome barazani kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nimeiomba kwa kelele zaidi. Niliposoma herufi ile, kukawa kimya, kisha mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Karani, na yule fahali wako mwekundu ulimtoa wapi?"

Nilimnunua mnadani siku 11 kabla Nyota hajaugua. Nilimleta usiku, bila kibali cha kusafirisha, na nilimfunga zizi moja na wengine jioni ile ile. Kwa hiyo kwenye barua yako ambatisha vibali vya kila mnyama aliyeingia bomani mwezi huo, na aliyeingia bila kibali mtaje mwenyewe. Mgeni akae peke yake wiki mbili kabla hajanywa maji na wenzake. Fahali wangu sasa yuko nyuma ya jikoni, na mama yule hupita kumwangalia kila akienda kisimani.