Somo: Kutengeneza Taa ya Dharura kwa Betri ya Sigara ya Umeme Iliyotupwa

Sigara za umeme za kutumia na kutupa, ambazo vijana wa mjini huziita vepu, hutupwa mara ladha inapokwisha, ilhali ndani yake mna seli ya lithiamu ya volti 3.7 ambayo ingeweza kuchajiwa tena mara nyingi. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa aina hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2025, na uharibifu wa mazingira ulikuwa miongoni mwa sababu. Hapa Dar es Salaam, ukiwaomba wafagiaji wa kumbi za starehe za Masaki au Mikocheni wakuwekee chache, hutakosa. Somo hili linaeleza namna ya kuitoa seli hiyo na kuifanya taa ya kutumia umeme unapokatika. Halifundishi kuunda sigara nyingine, na sababu yake nimeitoa kwenye majibu hapo chini.

Utahitaji multimita (kifaa cha kupimia umeme), pasi ya kulehemu, taa tatu nyeupe za LED, rezista (vizuizi vya umeme) tatu za omu 68, rezista moja ya omu 4,700, swichi, na bodi ya kuchajia ya TP4056. Bodi hizo zinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya spea za elektroniki. Chagua ile yenye matundu ya B+ na B- (ya seli) pamoja na OUT+ na OUT- (ya taa), kwa kuwa ile isiyo na OUT haina ulinzi wa seli. Taa na swichi unaweza kuzitoa kwenye tochi mbovu.

Hatua ya kwanza ni kufungua. Vaa glavu, kwa sababu pamba iliyo ndani imelowa nikotini, nayo ni sumu inayopenya kwenye ngozi. Ng'oa kifuniko cha chini kwa koleo, kisha usukume vilivyomo vitoke taratibu bila kuchokoa kwa kisu. Utaona pamba yenye koili (waya wa kupasha joto), kidude cha duara kinachohisi mvuto wa pumzi, na seli yenye waya mbili. Kata waya mmoja, uufunge ncha kwa tepu, ndipo ukate wa pili. Mkasi ukizikata zote kwa pamoja unapiga shoti papo hapo.

Hatua ya pili ni kupima, na hapa ndipo wengi hukimbilia mbele. Seli iliyovimba, iliyobonyea au inayotoa harufu tamutamu haifai hata kama inasoma vizuri. Iliyo chini ya volti 2.5 iache. Iliyobaki ichaji hadi ijae kwa bodi uliyokwisha kuirekebisha kama inavyoelezwa katika hatua ya tatu, uiweke wiki moja bila kuitumia, kisha uipime tena: ikiwa imeshuka kutoka volti 4.2 hadi chini ya 4.0, ina uvujaji wa ndani.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi yote. Bodi ya TP4056 hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kuchaji kwa ampea 1, kiwango kinachofaa seli kubwa za kompyuta mpakato, wakati seli ya vepu mara nyingi ina ujazo wa miliampea-saa 500 hivi. Kuijaza kwa kasi hiyo ni kuitia joto na kuifupishia maisha, na katika joto la Dar hali huwa mbaya zaidi. Kiwango hicho huamuliwa na kirezista kidogo kilichoandikwa 122, jirani na mguu wa pili wa chipu. Yeyusha maungio yake ya pande zote mbili kwa tone la risasi ya kulehemu, kitoe, na mahali pake ulehemu ile rezista ya omu 4,700. Gawanya 1,200, namba maalumu ya chipu hii, kwa kilo-omu 4.7 na utapata takriban miliampea 255, yaani nusu ya ujazo wa seli. Hakikisha kwa kuiunganisha multimita kati ya bodi na seli wakati wa kuchaji.

Yaliyobaki ni mepesi. Waya wa chanya uende B+, wa hasi B-, na usilehemu kwenye mwili wa seli. Kutoka OUT+ pitia swichi, kisha kila taa ipate rezista yake yenyewe kabla ya kurudi OUT-. Taa zote tatu zitawaka kwa zaidi ya saa kumi, zikififia polepole.

Maswali ya wanachama

Swali (Mbagala): Shikamoo mwalimu. Seli yangu inasoma volti 1.8, na fundi wa jirani amesema nikiichaji kidogo kidogo itaamka. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Itaamka, na hapo ndipo penye hatari. Seli ikishuka mno, shaba ya ndani huyeyuka, na unapoichaji huweza kujijenga upya mahali pasipo pake hadi ipige shoti ndani kwa ndani. Bodi itawasha taa nyekundu kama kawaida, lakini hilo si ushahidi wa uzima.

Swali (Sinza): Kaka, kwa nini usitufundishe kuunda vepu yenyewe, maana vifaa vyote tayari tunavyo?

Jibu: Ndugu yangu, koili ya omu 1 kwenye volti 4.2 huvuta ampea 4.2, zaidi ya mara nane ya ujazo wa seli hiyo. Kifaa cha kiwandani hukata umeme chenyewe baada ya sekunde chache. Swichi ya kubahatisha ikinasa, hakuna cha kuikata. Zaidi ya hayo, utavuta kifuani moshi wa risasi na gundi.

Swali (Temeke): Naweza kuunganisha seli mbili sambamba ili taa idumu?

Jibu: Zikitofautiana volti, yenye nyingi humwagia umeme yenye kidogo bila kizuizi. Kwa anayeanza, ni heri taa mbili.

Swali (Tabata): Seli mbovu nizitupe wapi, dada yangu amezoea kuchoma taka uani?

Jibu: Zisichomwe kabisa, wala zisiingie kwenye pipa, kwa kuwa zikikandamizwa ndani ya gari la taka huweza kuwaka. Funga ncha zote kwa tepu, zihifadhi kwenye kopo lenye mchanga mkavu nje ya nyumba, na umkabidhi mkusanyaji mwenye kibali cha taka za elektroniki.