Neva zilizobaki zipe kazi: namna ya kumtunza nyumbani aliyeumia uti wa mgongo

Kabla hamjatoka hospitali, muulizeni daktari: jeraha ni kamili au si kamili? Wao huliandika kwa herufi, A hadi E. A ni jeraha kamili, pale ambapo hakuna hisia wala nguvu hata kwenye njia ya haja kubwa. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa huko, na asione aibu. Mdogo wangu, aliyeanguka na bodaboda, alihisi kidole cha daktari ilhali miguu yote ilikuwa imekufa ganzi. Akaandikiwa B, yaani jeraha si kamili. Kila tulichofanya baadaye hapa Kayole, Nairobi, kilitokana na herufi hiyo.

Neva ya mkono ikikatika inaweza kuota tena, kama milimita 1 kwa siku. Ndani ya uti wa mgongo kovu huziba njia, na utando wa mafuta unaozifunika neva una protini zinazozuia nyuzi za neva kuota. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal, Kanada, waliwapandikizia panya kipande cha neva ya mguu, na nyuzi za uti wa mgongo zikaota ndani yake. Kumbe uwezo upo. Kuondoa kizuizi bado ni kazi ya watafiti. Kazi yetu nyumbani ni zile nyuzi zilizopona: zikitumikishwa kila siku, hushika njia mpya. Nafuu kubwa huja miezi 6 ya kwanza, kisha mwendo hupungua, ingawa wengine huendelea kupata nguvu hata baada ya mwaka. Kwa hivyo msingoje.

Kila asubuhi nakunja na kunyoosha kifundo, goti, kisha nyonga, polepole. Yeye hujaribu kusukuma pamoja nami hata pasipoonekana kitu, maana amri ya ubongo ndiyo dawa yenyewe. Siku moja nilikuwa nimeshika kisigino chake cha kulia, kidole gumba kikainama. Miguu iliyopooza hurukaruka yenyewe, na familia nyingi hudanganyika hapo. Jaribu hivi: mwambie akunje kidole, aache, akunje tena, wewe usimguse. Kikifuata amri mara zote, ni neva. Kikija ukimgusa au ukivuta shuka, ni misuli inayoshtuka tu. Cha mdogo wangu kilifuata. Mtaalamu wa viungo alikithibitisha, na fundi wa Kamukunji akatuchomea vyuma viwili vya kushikilia akisimamishwa.

Lakini mazoezi yote husimama akipata kidonda. Mgeuze kitandani kila baada ya saa 2. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ajiinue au ainame kila dakika 15 hadi 30. Jioni tumia kioo kutazama matako, mfupa wa mkia na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta mahali palipo peusi zaidi, penye joto au pagumu. Baridi ya Julai ikija, usimsogezee jiko miguuni: ataungua asijue. Maji ya karai yapime kwa kiwiko chako.

Mkojo utolewe kwa mpira safi kila baada ya saa 4 hadi 6, kama mlivyofundishwa wodini.

Jambo hili lishikeni sana ikiwa jeraha liko kwenye pingili ya 6 ya mgongo usawa wa kifua, au juu yake. Kichwa kikianza kugonga ghafla, uso ukawaka na jasho likatoka, presha inapanda na inaweza kuleta kiharusi. Muinue akae wima, miguu ining'inie, legeza mkanda na nguo. Angalia kama mpira umekunjika au kibofu kimejaa, halafu haja kubwa. Isiposhuka, kimbieni hospitali mkiwa na karatasi inayoeleza hali hiyo, kwa sababu si kila daktari wa zamu ameshaiona.

Mtaambiwa pia mfanye harambee apelekwe ng'ambo kudungwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Mimi nilikataa mbele ya ukoo mzima, kwa kuwa hakuna sindano ya namna hiyo iliyothibitishwa kuunganisha uti wa mgongo. Fanyeni harambee, ila pesa ziende kwenye godoro la hewa, mto mzuri wa kiti, nauli ya kliniki ya hospitali ya majeraha ya uti wa mgongo pale Hurlingham, na fundi wa kuondoa ngazi mlangoni.