SOMO: Joto la ghafla la ukomo wa hedhi, anza na haya kabla hujanunua vidonge

Haya kina dada na kina mama, leo tuongelee lile joto linaloanzia kifuani linapanda shingoni mpaka usoni, unalowa jasho dakika chache alafu likiisha unabaki unasikia baridi. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, yani joto likipanda kidogo tu yenyewe inaona unaungua, inatanua mishipa ya kwenye ngozi na kukutoa jasho upoe. Kwahiyo kazi yetu ni kupunguza vinavyoishtua.

Hatua ya 1: Andika
Wiki mbili hivi, kila likipanda andika kwenye simu ni saa ngapi, ulikula au kunywa nini, umevaa nini, ulikuwa na hasira au la. Kuna wa kahawa, kuna wa pilipili, kuna wa pombe, mwingine kinywaji chochote cha moto tu kinamtosha. Usiache vyote kwa mpigo maana hutajua mchawi ni nani na baada ya siku chache utachoka urudie vyote, acha kimoja kwanza uone.

Hatua ya 2: Okoa usingizi
Mimi naona hapa ndo penye kazi hasa, maana mtu asiyelala kila kitu kinamshinda. Toa blanketi zito, weka mashuka mepesi ya pamba mawili matatu unayoweza kusukuma moja moja kwa mguu bila kuamka sawasawa. Vaa nguo pana, feni iwe karibu au dirisha wazi, maji ya baridi pembeni. Na nguo kavu ya kubadilisha iweke palepale kitandani, sio kabatini, kwasababu ukishawasha taa na kuanza kupekua usingizi umeshaondoka. Unalala na mwenzio? Kila mtu na shuka lake. Na simu usiiguse kuangalia saa, ukianza kupiga hesabu zimebaki saa ngapi kuche ndo umekesha hivyo.

Hatua ya 3: Uzito, sigara, mazoezi
Kama una uzito uliozidi, kuupunguza kunawasaidia wengi, na sigara acha. Mazoezi kwa joto lenyewe ushahidi wake ni mdogo, ila fanya kwa ajili ya mifupa na moyo, asubuhi au mchana sio karibu na kulala.

Hatua ya 4: Kichwa
Watu wanaipuuza hii lakini kwa njia zisizo za dawa ndo yenye ushahidi mzuri. The Menopause Society, chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2023 walipendekeza tiba ya kubadili fikra na tabia, na hipnosisi ya kitabibu, yani mtaalamu anakutuliza akili mpaka inatulia kabisa alafu anakuongoza kwa maneno. Joto likikukuta mbele za watu ukawaza "wote wananiangalia, nimeaibika", moyo unaenda mbio na linakutesa zaidi. Jizoeze kujiambia "linapita hili", legeza mabega, endelea na ulichokuwa unasema. Kupumua taratibu kunatuliza, ila usitegemee kwamba kutapunguza idadi ya mara linapokuja.

Hatua ya 5: Mitishamba, taratibu jamani
Soya kama chakula haina shida kama huna aleji nayo. Mmoja itamsaidia, mwingine hata haimgusi, na sababu mojawapo ni kwamba bakteria wa tumboni wanaoibadilisha soya sio kila mtu anao. Black cohosh, mtishamba wa vidonge vya ukomo wa hedhi, ndo inauzwa sana, lakini matokeo yake hayaeleweki na kuna watu walioripotiwa kuumia ini. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada nilitibiwa saratani ya matiti, naruhusiwa vidonge vya soya?
Jibu: Usimeze chochote mpenzi kabla hujamuuliza daktari wako wa saratani, kuna mitishamba inayoingiliana na dawa za saratani ya matiti kama tamoksifeni.

Swali: Nina miaka 38, hedhi sijaona miezi sita na joto kila siku, nianze hatua ya ngapi?
Jibu: Anza hospitali mdogo wangu. Chini ya 40 lazima upimwe, mimba, tezi ya shingo na homoni, maana kukosa estrojeni mapema hivyo kunakula mifupa.

Swali: Hivi linaisha lini hili jamani?
Jibu: Inatofautiana sana. Utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa SWAN, uliofuatilia wanawake wanaopita ukomo wa hedhi, ulionyesha kwa wale linalowapata mara kwa mara, nusu yao lilidumu zaidi ya miaka 7. Ndo maana usivumilie tu. Kama umefanya yote na bado hulali, tiba ya homoni ndo yenye nguvu kuliko zote, na zipo dawa zisizo za homoni kwa asiyeruhusiwa, kaongee na daktari bila aibu.

Swali: Mama samahani, mimi hedhi iliisha mwaka na nusu uliopita, juzi nimeona damu kidogo, inahusiana na joto?
Jibu: Hapana mwanangu, haihusiani. Damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi inatakiwa ichunguzwe, hata kama ni tone. Mara nyingi inakuwa kitu kidogo lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba, nenda wiki hii hii.