Blanketi la mistari la Krismasi kwa kroshia, pande zake zisiende upogo

Wiki tatu zilizopita binti wa kaka yangu alikuja kwangu na kikapu cha nyuzi, akatoa alichokuwa amefuma na kuniuliza, "Shangazi, mbona linakuwa pembetatu?" Ni blanketi analomfumia bibi yake, yaani mama yangu, ambaye kila Desemba tunapanda kwake Marangu, Kilimanjaro. Alikuwa amefika safu ya 24. Tulilitandaza kitandani tukahesabu: safu ya kwanza mishono 130, safu ya 24 mishono 107. Karibu sentimita 18 zilikuwa zimepotea na yeye hakuona zilipokwenda.

Nililijua kosa kabla hajamaliza kuhesabu. Mimi mwenyewe lilininyima usingizi usiku mzima, mwaka ule nilipoacha kufuma vitambaa vya makochi nikajaribu blanketi langu la kwanza. Kwa hiyo nimeandika hatua zote hapa, lakini sehemu ya kingo naomba uisome mara mbili.

Blanketi lenyewe ni la sentimita 100 kwa 120. Lina mistari 21, kila mstari safu 4: nyekundu, rangi ya maziwa, kijani, rangi ya maziwa, kisha unarudia, hadi unaishia na nyekundu kama ulivyoanza. Ni mshono wa aina moja tu mwanzo hadi mwisho. Linatosha kufunika magoti ya mtu mzima aliyekaa kwenye kiti, au kujitanda mabegani asubuhi. Baridi kali ya Marangu ni ya Juni na Julai, lakini hata usiku wa Krismasi kule juu unahitaji kitu cha kujifunika.

Panga muda mapema. Safu 84 zenye mishono 130 ni mishono 10,920. Anayeanza hutumia kama nusu saa kwa safu moja, kwa hiyo ukifuma safu moja kila siku utamaliza kwa wiki 12. Anza mwishoni mwa Septemba, usingoje Desemba iingie.

Hatua ya 1: Uzi na sindano

Nunua uzi wa akriliki wa unene wa kati, ule unaotumika kwa sweta za watoto wa shule. Usichukue uzi mwembamba wa pamba wa kufumia vitambaa. Blanketi la uzi ule litakuchukua mwaka. Kwa mkono wangu mstari mmoja wa safu 4 hula kama gramu 25. Kwa hiyo nunua nyekundu gramu 200 (pindo la mwisho nalo ni jekundu), rangi ya maziwa gramu 300, kijani gramu 150. Chukua madonge yote ya rangi moja kwa siku moja, duka moja, na ulinganishe namba ya mkupuo wa rangi (yaani madonge yaliyotiwa rangi pamoja) iliyochapwa kwenye karatasi ya kila donge. Nyekundu mbili zinazofanana dukani zinaweza kuachana kabisa juani, na mstari ule utaonekana milele.

Sindano ya kroshia iwe namba 5.5, yaani milimita 5.5, na nyingine ya 6 kwa ajili ya mnyororo wa mwanzo. Wengi wetu tulijifunza kwa sindano nyembamba za chuma za vitambaa, na mkono unaikimbilia ileile. Ukiitumia kwa uzi wa sweta utapata kitu kigumu kama zulia la mlangoni. Chagua sindano ya alumini. Za plastiki sizipendi hata kidogo: akriliki hukwama juu yake, inalia kila ukivuta, na ukikaza mkono inapinda.

Tafuta pia sindano butu ya tundu pana ya kufichia ncha, pini nane za nepi na futi ya fundi cherehani.

Hatua ya 2: Mnyororo

Kwa sindano ya 6 fuma pete 132 (pete ni kitanzi kimoja cha mnyororo), kwa mkono uliolegea. Kitanzi kilichopo kwenye sindano hakihesabiwi. Fuma hata pete tano za ziada ili usiwe na wasiwasi wa kuhesabu. Zikibaki utazifumua baadaye kutoka upande ule wa fundo la kuanzia. Mnyororo ukikazwa, chini ya blanketi hujikunja kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba, na hilo halirekebishiki baadaye.

Hatua ya 3: Safu ya kwanza

Rudi kwenye sindano ya 5.5. Mshono wetu mimi nauita nguzo kwa sababu unasimama. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza sindano chini, vuta uzi, uwe na vitanzi 3. Chukua uzi upitishe kwenye vitanzi 2. Chukua tena, pitisha kwenye 2 vilivyobaki. Basi.

Nguzo ya kwanza iweke kwenye pete ya nne kutoka kwenye sindano. Zile pete tatu ulizoruka zinasimama badala ya nguzo moja. Endelea nguzo moja kwa kila pete hadi mwisho, upate 130. Weka pini kila baada ya nguzo 20, utanishukuru.

Kama unafuatisha maelezo au video za mtandaoni, angalia ni za Wamarekani au za Waingereza. Herufi dc kwa Mmarekani ndiyo nguzo hii. Kwa Mwingereza dc ni mshono mfupi, na nguzo huiandika tr. Ukichanganya, urefu wote wa blanketi unabadilika.

Hatua ya 4: Kingo

Hapa ndipo blanketi zinapoharibikia, na hapa ndipo mpwa wangu alipopotezea mishono 23. Katikati ya safu hakuna shida; nguzo 128 za katikati zinajifuma zenyewe. Tatizo ni nguzo mbili tu, ya kwanza na ya mwisho.

Ukimaliza safu, fuma pete tatu za kupandia, kisha geuza kazi. Zile pete tatu zimeshakuwa nguzo ya kwanza ya safu mpya. Zimesimama juu ya nguzo ya pembeni kabisa ya safu ya chini. Kwa hiyo nguzo ya pembeni ina mtu tayari, na sindano inakwenda kwenye ya pili. Ukiweka nguzo pale miguuni mwa pete tatu, umeongeza mmoja.

Sasa nenda hadi mwisho wa safu. Utafika mahali ambapo macho yanakwambia umemaliza. Hujamaliza. Pembeni kabisa kuna pete tatu za kupandia za safu iliyopita, nyembamba, zimelala kidogo kando, hazifanani na nguzo hata kidogo. Nazo ni nguzo. Ingiza sindano kwenye pete ya tatu, ile ya juu kabisa, ufume nguzo yako ya mwisho pale. Ukiiruka, umepoteza mmoja. Mmoja kwa safu hauonekani. Baada ya safu 24 umepoteza 23, na kwa sababu safu moja inaishia kulia na inayofuata kushoto, blanketi linapungua pande zote mbili sawasawa, mpaka unadhani labda ni mkono wako unaokaza.

Mbona mpwa wangu alikosea ilhali alikuwa makini? Alitazama video mbili. Kuna njia nyingine, nayo ni sahihi: unafuma pete mbili tu za kupandia, huzihesabu, nguzo ya kwanza unaiweka palepale miguuni, na mwisho wa safu unaziacha zile pete bila kuzigusa. Njia zote mbili zinatoa ukingo ulionyooka. Yeye alianza safu kwa njia ya kwanza na kuimaliza kwa njia ya pili. Nami zamani nilifanya kinyume chake, nikaanza kwa ya pili na kumaliza kwa ya kwanza, na blanketi langu likapanuka kama tarumbeta. Chagua moja ukae nayo hadi safu ya 84. Mimi napenda ya pete tatu zinazohesabiwa, kwa kuwa ukingo wake unapokea pindo vizuri zaidi.

Dawa niliyompa ni pini ya nepi. Kila unapofuma pete tatu za kupandia, kabla hujageuza kazi, chomeka pini kwenye pete ya tatu. Ukifika mwisho wa safu inayofuata, sindano inaingia palipo na pini, na pini inahamia juu. Pini mbili zinatosha, moja kila upande. Huna haja ya kununua vishikizo maalumu vya rangi rangi vya kuwekea alama. Pini ina faida nyingine pia: usiku, taa ikiwa hafifu, kidole kinaigusa hata kama jicho haliioni.

Hesabu safu sita za kwanza zote, moja baada ya nyingine, hata kama mtu anakuita jikoni. Baada ya hapo hesabu kila unapobadilisha rangi. Ukikuta 129, usijidanganye kwa kuongeza nguzo moja katikati ya safu inayofuata. Itaacha uvimbe, na ukingo bado utakuwa umeingia ndani. Fumua hadi penye kosa. Akriliki ivute polepole, maana manyoya yake hushikana, na ukivuta kwa hasira unakaza fundo lisilofunguka. Uzi uliofumuliwa uzungushe kwenye donge saa hiyohiyo.

Mpwa wangu aliogopa kufumua. Nikamshikia donge, tukafumua safu 23 jioni moja, tukaacha ile ya kwanza peke yake. Jana alinitumia picha ya safu ya 41 na futi juu yake: sentimita 100.

Hatua ya 5: Kubadilisha rangi

Rangi mpya haianzi mwanzoni mwa safu mpya, inaanza kwenye nguzo ya mwisho ya safu ya zamani. Fuma nguzo hiyo hadi vibaki vitanzi 2 kwenye sindano, uachie uzi wa zamani, chukua mpya, upitishe kwenye vitanzi hivyo 2. Kisha fuma pete tatu za kupandia kwa rangi mpya. Ukichelewa hadi baada ya kugeuza, pembeni patabaki jino la rangi ya zamani.

Kwa kuwa kila mstari una safu 4, rangi zote zitabadilika upande uleule. Kata uzi ukiacha sentimita 15. Wapo wanaopandisha uzi pembeni bila kukata. Kwa mistari ya safu mbili ni sawa, lakini kwa safu nne au zaidi uzi huo unakaza ukingo. Mimi nakata. Ncha zote mbili zilaze juu ya safu unayofuma, nguzo kumi za mwanzo zizifunike. Baadaye zirudishe kwa sindano butu upande wa pili. Fundo peke yake halitoshi kwenye akriliki, linateleza na kufunguka.

Hatua ya 6: Pindo

Kwa uzi mwekundu, zunguka blanketi lote mara mbili kwa mshono mfupi: ingiza sindano, vuta uzi, chukua uzi, pitisha kwenye vitanzi vyote viwili. Juu na chini, mshono mmoja kwa kila nguzo. Ubavuni, miwili kwa kila safu. Kila kona, mitatu kwenye tundu moja, la sivyo kona itajikunja. Ubavu ukianza kujikunjakunja kama marinda, punguza mmoja kila baada ya safu chache.

Hatua ya 7: Kufua

Kabla ya yote, lowesha kipande cha uzi mwekundu, kibane ndani ya kitambaa cheupe hadi kikauke. Kikiacha rangi, lifue blanketi kwa maji baridi peke yake. Kama hakiachi, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Usilisokote, lizungushe ndani ya taulo ulikandamize maji yatoke. Lianike kivulini, limelazwa juu ya mkeka. Ukilitundika kwenye kamba likiwa na maji, uzito wake unavuta nguzo, na zile sentimita ulizozilinda kwa wiki 12 zinaharibika kwa mchana mmoja. Pasi isiliguse kabisa: akriliki ikipata joto hulala, na haisimami tena.