Taa za tagi na tishari usiku: ziweke hivi mtu asije akapita katikati

Hatari kubwa ukitumia tagi, ile boti ya kuvuta, kuvuta tishari, yaani chombo bapa cha mizigo kisicho na injini, usiku iko pale katikati, kati ya tezi (nyuma) ya tagi na omo (mbele) ya tishari. Mvuvi akiangalia anaona tagi imeshapita, maji yako wazi, anakata, na hapo ndo anakutana na waya wa kuvutia. Mara nyingi waya wenyewe umezama kwa uzito wake, hata tochi haiuoni, alafu tagi ikipanda wimbi unakaza na kuibuka ghafla, na hata boti ikipona waya bado kuna tishari linakuja nyuma, halina injini wala namna ya kusimama. Kwahiyo kila taa unayofunga jiulize kwanza, yule mwenye ngalawa ataelewa kwamba hapa kuna kamba?

Sheria zinazotumika ni zile za kimataifa za 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini, mabaharia wanaziita COLREG, zilianza kazi 15 Julai 1977, na mambo ya kuvuta yako kanuni ya 24. Taa zinawaka kuanzia jua likizama mpaka linachomoza, na mchana pia kama kuna ukungu au mvua nzito imeziba macho.

Anza kwa kupima. Urefu wa msafara, yaani waya pamoja na tishari, unahesabiwa kutoka tezi ya tagi mpaka mwisho kabisa wa tishari, na hapa watu wengi wanakosea kwasababu wanahesabu waya peke yake. Umeachia waya mita 150, tishari lina mita 60, hiyo ni 210, umeshavuka 200 na taa zinabadilika. Msafara wa mita 200 au pungufu tagi inawasha taa mbili nyeupe za mlingotini, moja juu ya nyingine wima. Ukizidi 200 zinakuwa tatu. Na kwasababu waya unafupishwa ukikaribia bandari na kuachiwa ukitoka nje, hakikisha ile taa ya tatu ina swichi yake peke yake, na mtu wa zamu ajue kabisa kwamba waya ukibadilika na taa zinabadilika, sio mpaka nahodha aamke amkumbushe. Mchana msafara ukizidi mita 200 unatundika umbo jeusi la uru, kama lile la kwenye karata, moja kwenye tagi na moja kwenye tishari.

Pamoja na hizo nyeupe tagi ina taa zake za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia, nyuma ina nyeupe ya tezi na juu ya hiyo nyeupe kuna ya njano. Hiyo njano ndo taa ya kuvutia, inaonekana kwa nyuma tu, digrii 135 sawa na ile ya tezi iliyo chini yake. Inawashwa ukiwa unavuta kwa nyuma peke yake. Ukiwa unasukuma tishari kwa mbele au umelifunga ubavuni njano inazimwa, unabaki na nyeupe mbili za mlingotini, za ubavuni na ya tezi. Na ukishaliacha tishari bandarini unarudi mtupu, zima taa za kuvuta zote. Kuna tagi zinazunguka usiku kucha na taa za kuvuta wakati hazivuti kitu, matokeo yake wavuvi wanazizoea na kuzidharau, siku kuna waya kweli hawaamini.

Sasa tishari lenyewe, maana hapa ndo kwenye uzembe mkubwa. Tagi nyingi zina taa nzuri, tishari nyuma ni giza au lina kitaa kimoja cha sola cha kwenye geti. Tishari linalovutwa linatakiwa liwe na nyekundu na kijani za ubavuni, na nyeupe ya tezi, basi. Halina nyeupe ya mlingotini. Usije ukaweka taa nyeupe inayoonekana pande zote katikati ya tishari ukadhani umesaidia, kwasababu taa ya namna hiyo baharini maana yake chombo kimetia nanga, na chombo kilichotia nanga mtu anapita mbele yake bila wasiwasi, yaani umemkaribisha mwenyewe kwenye waya. Vilevile hizo LED za kuwaka na kuzima na za rangi rangi za kwenye pikipiki, toa. Sheria hairuhusu taa yoyote inayoweza kuchanganya zile rasmi.

Angalia na nguvu ya taa. Chombo cha mita 50 na kuendelea taa za ubavuni na ya tezi zinatakiwa zionekane maili 3 za baharini, kati ya mita 12 na 50 ni maili 2. Kwahiyo tishari la mita 60 linataka taa za maili 3, na taa za boti ndogo zilizojaa madukani hazifiki huko, soma maandishi kwenye kasha kabla hujalipa. Pia usitoe balbu ya zamani ukaweka LED nyeupe kwenye taa ile ile, lenzi ilitengenezwa kwa mwanga wa balbu ile, ukibadilisha kijani inaweza kutoka na ubluu na nyekundu ikapauka. Nunua taa nzima iliyotengenezwa kuwa LED.

Kwetu usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, kwahiyo hesabu ya betri ni rahisi. Taa tatu za LED za wati 5 ni wati 15, mara saa 12 unapata wati-saa 180. Betri ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1200, usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, hapo una 600, unapata usiku tatu na chenji kidogo. Balbu za zamani za wati 25 zote tatu zinakula 900 kwa usiku mmoja, betri hiyo hiyo inavuka ile nusu kabla ya asubuhi, na kama imechakaa taa zinaweza kuanza kufifia ile saa tisa kumi za usiku ambazo mtu wa zamu naye amechoka. Weka betri mbili na seti mbili za taa, kila seti na waya wake, kwasababu seti moja ikifa katikati ya safari huwezi kumrusha kijana kwenye tishari usiku na mawimbi ya kusi, usifanye hivyo kabisa. Kama unatumia sensa inayowasha taa giza likiingia, kumbuka mvua ya masika saa nane mchana inaweza kuziba kila kitu na sensa bado ikaona ni mchana, kwahiyo weka na swichi ya mkono, na kabla hujang'oa nanga ukiona hali ya hewa ni mbaya washa kabisa uondoke nazo zinawaka.

Kabla ya kuondoka zunguka tishari na boti ndogo jioni taa zikiwa zimewashwa. Hili watu wanaliruka na ndo la maana kuliko yote. Mchanga ukirundikwa au kontena zikipangwa baada ya taa kufungwa zinaziba, na ukiwa juu ya tagi hujui. Ukiwa mbele kabisa ya omo unatakiwa uone nyekundu na kijani zote mbili, ukisogea kulia kwa tishari ubaki na kijani tu, ukipita ubavu kwenda nyuma kijani izime na nyeupe ya tezi iingie. Ukiona rangi mbili ukiwa pembeni, vile vibao vya kukinga mwanga vimekaa vibaya au havipo, na upande wa ndani vinapakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Futa lenzi kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi ikikauka inatengeneza ukungu mweupe unaokula mwanga wote.

Taa za kazi kwenye deki ya tagi zima ukishatoka, zinameza zile rasmi. Na kipindi cha giza la mwezi wavuvi wa dagaa wakitoka na taa zao kali, taa ya tishari inapotea kabisa katikati ya ule mwanga, hapo usitegemee taa peke yake. Mtu mmoja akae nyuma na taa kubwa ya kumulika, akiona boti inaelekea kwenye nafasi kati ya tagi na tishari amulike waya na tishari, asimmulike mtu machoni, na wewe piga honi fupi tano au zaidi kwa haraka. Redio ya VHF chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura baharini, tumia, ila wavuvi wadogo wengi hawana redio. Kwenye ukungu honi ya anayevuta ni moja ndefu na mbili fupi, isipite dakika mbili bila kurudia.

Zile nyekundu, nyeupe, nyekundu za wima zinazosema huwezi kugeuka njia yako ziwashe pale tu ambapo kweli mzigo unakunyima kugeuka, sio kila ukivuta.

Ikitokea taa za tishari zimekufa zote, sheria yenyewe inasema fanya lolote linalowezekana lionekane. Fupisha waya kama bahari inaruhusu, mulika tishari mfululizo, tangaza kwenye chaneli 16 mahali ulipo, uelekeo na urefu wa msafara, na utoke kwenye maeneo ya wavuvi mpaka kupambazuke.