Kumsindikiza mwanafunzi mpaka aingie chuo

Ukiwa mwalimu wa sekondari na unataka wanafunzi wako wafike chuo, tafuta daftari nene. Kila mmoja mpe ukurasa wake mapema, kabla hawajaingia mwaka wa mwisho. Maksi usiziandike humo, zina mahali pake. Andika ulichokiona: nani alibaki baada ya kipindi mkabishana juu ya swali moja hadi mkagundua kitabu ndicho kilichokosea, nani huwaelekeza wenzake hesabu lakini mkono hanyooshi.

Humo ndimo barua ya mapendekezo itakamotoka. Wanaochagua waombaji wamechoshwa na "ana bidii, nidhamu na heshima". Maneno hayo yanamfaa yeyote, kwa hiyo hayamsaidii mtu. Chagua tukio moja, lisimulie lote, kisha sema ni uwezo gani uliuona pale. Ukurasa mmoja unatosha.

Insha ya maombi ya chuo ni kazi ya mwanafunzi, na kalamu yake mimi siigusi. Namkalisha anisimulie kwa mdomo kwanza. Akianza "tangu utotoni nimetamani kuwa daktari", namkatiza: Lini hasa? Nani alikuwa anaumwa? Wewe ulifanya nini? Hilo swali la mwisho humnyamazisha kidogo, halafu ndipo insha inapoanza. Aangalie na urefu anaoruhusiwa. Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vya Marekani, inataka insha isiyozidi maneno 650. UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya Uingereza, kuanzia kwa wanaoingia chuo 2026, imeachana na insha moja ndefu. Sasa kuna maswali matatu, na majibu yote kwa pamoja yasipite herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa.

Makaratasi ndiyo hukwamisha wengi, tena wenye akili nzuri tu. Chukua cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti kama anayo, uviweke mezani, mlinganishe jina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed kwa kompyuta ni watu wawili, na kusahihisha jina kunakula muda, basi lifanyeni hili kabla ya fomu yoyote. Barua pepe iwe yake mwenyewe, siyo ya binamu mwenye simu nzuri. Nywila aiandike mahali.

Mzazi akikataa, usimhubirie faida za elimu, anazijua. Mara nyingi anachoogopa ni gharama. Kaeni mpige hesabu ya ada, malazi, vitabu na nauli, kisha umwonyeshe ni kipi kinaweza kuombewa mkopo au ufadhili. Mwisho wa kuomba fedha mara nyingi una tarehe yake, tofauti na ile ya chuo. Ziandike zote mbili.

Akishakubaliwa, usimwachie hapo. Bado kuna fomu ya afya, malipo ya kuthibitisha nafasi, chumba, na yote yanaangukia likizo, wakati hana wa kumuuliza. Watafiti Marekani wameonyesha kuwa baadhi ya waliokubaliwa hupotea katika kipindi hicho, hasa wa familia zenye kipato kidogo. Mimi kila Jumatatu natuma ujumbe mfupi wenye jambo moja tu: "Umeshalipia chumba? Nitumie picha ya risiti." "Unaendeleaje?" usimtumie, atakujibu "salama" na fomu haijajazwa. Asiyejibu wiki mbili mfululizo, mpigie mzazi wake.